Chumba cha Watu Thelathini

Wiki mbili zilizopita nilirudisha ufunguo wa karakana yetu ya Walthamstow, nikavua aproni, nikapanda basi kurudi nyumbani. Asya na wenzako mliobaki, mliniomba niandike jinsi nilivyojifunza kazi hii ya kupanga vyumba vya watu, kwa sababu mnajua niliisomea. Ni kweli niliisomea, na cheti ninacho. Lakini niliyofundishwa chuoni na niliyoyafanyia kazi miaka ishirini hayakufanana sana, na nimeona bora niseme mapema, asije mtu akakimbilia kulipa ada. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikuwa vingi vya kujaza hata aya moja.

Nilikuwa na miaka arobaini na saba, nashona mapazia kwa Mturuki mmoja nyuma ya mtaa wa soko. Nilisoma Pemba mpaka darasa la kumi, basi. Mwaka ule Mturuki akatuambia kiangazi cha mwaka utakaofuata anafunga duka na kurudi kwao. Bwana mmoja wa kampuni ya nyumba, aliyekuwa akituagizia mapazia ya flati zake, aliniita pembeni. Akasema kazi angenipa, tena si mapazia tu, vyumba vizima, lakini wakubwa zake wanataka cheti cha mtu aliyesomea. Bila cheti hana la kufanya. Kwa hiyo msidhani nilikwenda chuo kwa mapenzi ya sanaa. Nilikwenda kwa sababu cherehani ilikuwa inaondoka na sikujua kazi nyingine.

Mume wangu Khamis, dereva wa basi, ndiye aliyeliona tangazo.

"Hiki hapa, mke wangu. Chuo kidogo, wanafunzi wachache. Hutopotea."

"Mimi na Kizungu changu hichi?"

"Kwani mapazia yanazungumza Kizungu?"

Fomu ya maombi iliuliza jina na anwani, kisha ikasema: "Tueleze safari ya maisha yako na nafasi," nafasi kwa lugha yao ni vyumba. Nikaandika kwamba nimelala chumba kimoja na ndugu zangu watano mpaka nilipoolewa, na sasa naishi flati ya vyumba viwili Walthamstow, na hiyo ndiyo safari yote. Binti yangu Salma aliisoma, akaniambia kwa Kizungu, kama anavyoniambia kila kitu, kwamba sivyo, lazima nionyeshe shauku. Nikamjibu shauku nitaionyesha nikifika.

Chuo kilikuwa ghorofa mbili juu ya duka la miwani. Ngazi zilikuwa nyembamba na zulia limechanika kwenye kidato cha tatu, pale pale mguu unapotua. Mkuu wa chuo, nitamwita Bibi Arabella, alinikalisha kwenye kiti chenye umbo la yai. Nikazama humo mpaka magoti yakawa sawa na kidevu, na usaili wote nikaufanya nikimtazama katikati ya magoti yangu.

"Ni mbunifu gani anayekupa msukumo?"

"Simjui hata mmoja."

"Unapoingia chumbani, kitu cha kwanza unachohisi ni nini?"

"Baridi," nikasema. Ilikuwa mwezi wa pili.

Akafumba macho kama mtu aliyeonja kitu kitamu. Aliandika muda mrefu. Barua ilikuja baada ya siku kumi, ikisema nimechaguliwa kwa sauti yangu ya pekee. Nilijiona mtu bora wiki nzima. Baadaye yule msichana wa ofisini alinidokeza kwamba nafasi zilikuwa kumi na mbili na walioomba tulikuwa tisa.

Siku ya kwanza, Septemba, mvua ilinyesha. Tulipofika juu hapakuwa na pa kutundika makoti, tukayarundika juu ya meza ya kuchorea. Somo la kwanza lilihusu namna chumba kinavyomkaribisha mgeni. Tulilisikiliza watatu tukiwa tumesimama, maana viti vya kukaliwa vilikuwa sita. Vingine vilikuwepo, lakini hivyo vilikuwa vya kutazamwa.

Miezi ile ya mwanzo tulikata na kubandika. Kila mwanafunzi alitengeneza ubao wa vipande vya vitambaa, rangi na picha, wakauita ubao wa hisia. Mimi wangu niliuandika kila kitambaa jina lake, kinafuliwa kwa joto gani, na kikifuliwa kinarudi inchi ngapi. Bibi Arabella akasema una habari nyingi mno. Kijana mmoja mpole, Tristan, alibandika jiwe moja la kijivu na unyoya. Alipata alama za juu darasa zima. Sikumwonea wivu. Lilikuwa jiwe safi.

Kilichonisumbua zaidi ni picha. Tulionyeshwa mamia ya vyumba, na sikuona mtu hata mmoja ndani yake. Hapakuwa na kandambili mlangoni, wala waya wa simu, wala sufuria. Siku moja nikanyoosha mkono.

"Samahani. Wanaoishi humu wamekwenda wapi?"

Darasa likacheka. Bibi Arabella akacheka pia, kwa upole. "Zuhura, sisi tunabuni nafasi. Watu watakuja wenyewe."

Mtu aliyenifundisha kazi alikuwa mmoja, Mwalimu Colin, seremala mzee aliyekuja Alhamisi tu. Chumba chake kilikuwa nyuma, karibu na boila ya maji ya moto, kwa sababu hakikufaa kuonyeshwa wageni. Ninayowafokea nyinyi kila siku ni maneno yake. Pima ukuta mara tatu, chini, katikati na juu, maana London hakuna ukuta ulionyooka, na uandike kile kipimo kidogo. Pima ngazi kabla hujapima kochi. Fungua mlango mpaka mwisho ndipo uchore. Futi yake ilikuwa imekatika ncha, kwa hiyo alianza kupima kutoka inchi ya kumi kisha akatoa kumi. Nilipomwuliza kwa nini hanunui nyingine, akasema tangu ikatike hajawahi kukosea, kwa sababu inamlazimu kufikiri.

Kazi kubwa ya muhula wa kwanza ilikuwa kujenga kona moja ya nyumba yako mwenyewe. Bibi Arabella alituambia kila chumba kinahitaji nanga, kitu kimoja kikubwa kisichotikisika. Basi nikabuni benchi la kujengea ukutani sebuleni, lenye umbo la herufi L, futi saba kwa tano, limepakwa plasta na rangi ya ukuta wenyewe, usione linapoanzia.

"Boliti au gundi?" Mwalimu Colin akaniuliza.

"Gundi na skrubu za kuzika. Mkuu hataki viungo vionekane."

"Mkuu haishi kwako," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Khamis alilikalia jioni lilipokauka. Akaligonga kwa vidole.

"Zuri. Na siku ya msiba linatoka vipi?"

"Msiba wa nani? Hebu nitolee uchuro wako."

"Nauliza tu, bibie. Alipofariki mama, kabati lake la nguo lilipita dirishani."

Kwa wasiojua, kwetu mtu akifariki makochi na meza hutolewa nje siku ile ile, hutandikwa majamvi, na watu hukaa chini, mkubwa na mdogo. Hata aliye na nyumba ya fahari, siku hiyo nyumba yake ni sakafu na kuta. Mimi nimebeba makochi ya watu tangu nina miaka kumi. Nilijua, na benchi nililitia gundi vile vile, kwa sababu nilitaka alama. Nilizipata, tena kubwa kuliko zote nilizowahi kupata pale. Picha ya kona yangu ilipelekwa kwenye ukurasa wa chuo, bila mtu ndani yake.

Khamis alifariki Januari, hospitali, Jumanne kabla ya adhuhuri. Moyo. Hapa sitaandika mengi.

Wanaume walimchukua msikitini kumwosha na kumsalia. Wanawake walikuja kwangu. Jirani zangu ni watu wema. Kabla ya alasiri meza ilikuwa kwa Mama Grace wa ghorofa ya chini, kochi dogo liko ukumbini, kwenye ujia wa mlangoni, televisheni kitandani kwa Salma. Benchi likabaki pale pale, limekaa kama afisa wa uhamiaji. Vijana wawili walilivuta, likatoa plasta, halikutoka. Tulikuwa wanawake thelathini. Kumi na mbili walienea sebuleni. Wengine walikaa jikoni, chumba cha Salma, kwenye ngazi za jengo huku majirani wakiomba njia. Shoga yangu Bi Rukia aliisoma Yasini yote ukumbini, amekaa juu ya kochi langu lililosimamishwa ubavu. Alipoingia kunipa mkono akanong'ona:

"Zuhura, Mungu akupe subira. Na aliyejenga hili dude, Mungu ampe akili."

"Ni mimi."

Akalitazama, akanitazama. "Basi akupe vyote viwili."

Nilicheka. Kwenye msiba wa mume wangu nilicheka, na waliokuwa karibu wakadhani nalia, wakanishika. Lakini shangazi yake Khamis, aliyemlea tangu mdogo, alikuja kutoka Wembley kwa magongo mawili. Hakupata pa kukaa. Watu walikuwa wamebanana mpaka mlangoni, na yeye hakutaka kumwondoa mtu. Alisimama kwenye ngazi muda wa saa nzima, akamwombea mtoto wake, akarudi Wembley. Hakulalamika, wala siku hiyo wala baadaye. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kupanga vyumba, na mama yule alikosa sakafu ya kukalia nyumbani kwangu.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, bila kutoka isipokuwa kwa dharura. Nilipopiga simu chuoni, Bibi Arabella alinipa pole ya kweli, kisha akasema kanuni zinaruhusu siku tano.

"Kwetu ni miezi minne na siku kumi."

"Zuhura, mpenzi, hizo kumi za nini?"

Fomu yao ilikuwa na kisanduku kimoja cha sababu, mistari miwili, na hizo kumi hazikuenea humo. Mwisho alikubali nifanye mradi wa mwisho nyumbani, kwa sharti kwamba Juni nije mwenyewe kuuwasilisha mbele ya jopo. Jopo likikataa, hakuna cheti, na bila cheti bwana wa kampuni ya nyumba hana kazi ya kunipa. Mturuki alikuwa ameshaanza kuuza cherehani. Ada ya muhula wa mwisho Khamis alikuwa ameilipa Desemba.

Mradi wangu ukawa chumba changu. Mwalimu Colin aliniletea begi la zana. Hakuingia, alisimama nje, mimi nyuma ya mlango, tukazungumza hivyo, na hakuuliza kwa nini. Aliniambia kupitia mlango namna ya kukata gundi bila kuung'oa ukuta. Mnajua mwiko ule mwembamba wa plasta ninaoupasha moto kwenye jiko. Ni huo, ulitoka kwenye begi lile.

Bi Rukia alinikuta siku ya tatu nimevaa nguo zangu za eda, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Astaghfirullah. Mjane kizukani, na drili?"

"Eda imenikataza manukato na hina. Drili haikutajwa."

"Haikutajwa kwa sababu hakuna aliyedhani atatokea mtu kama wewe." Akavua koti. "Nishike wapi?"

Ilituchukua siku nne, yeye, mimi na Salma. Baadaye nilipata muda, na muda wa eda ni mrefu. Nilikaa sakafuni kila pembe ya chumba kile na kupima watu. Mtu aliyekaa chini na kuegemea anakula futi mbili za ukuta, na miguu yake futi tatu. Mzee hawezi kuinuka bila kitu cha kushika, basi nikaweka kishikio karibu na mlango. Rafu nilizipandisha juu ya vichwa, zisichome migongo. Badala ya makochi nikashona magodoro membamba yanayokunjwa matatu, siku za kawaida yanakuwa viti, na mtu mmoja anaweza kuyabeba yote nje kwa robo saa. Nilijaribu kwa saa ya jikoni. Viatu jozi thelathini nilivipa ukuta wa ukumbini. Nikatengeneza mfano wa chumba kwa kadibodi, mdogo kama sanduku la viatu, nikaandika chini yake: Chumba cha watu thelathini. Na kurasa nne za maelezo, Salma akanyoosha Kizungu.

Juni nikapanda zile ngazi. Mfano wangu ulikuwa umewekwa mezani katika hali yake ya siku ya msiba, mtupu, mikeka tu. Bibi Arabella alikuwa akiuzunguka, mkono kifuani.

"Zuhura, huu ni ujasiri. Umeondoa kila kitu! Umetuachia kimya."

Nikaelewa kwamba maelezo hayakusomwa. Kuna mtindo wanaoupenda sana wenye pesa hapa, wa kuwa na vitu vichache katika nyumba kubwa, na alidhani nimeufuata.

"Siyo kimya, madam. Hicho ni chumba cha msiba. Hapo watakuwepo watu thelathini, na wanalia."

Akanivuta dirishani. Sitamsingizia, alinitakia mema kwa namna yake. "Nisikilize. Jopo lina mtu kutoka nje. Wakisikia kimya na utupu, unafaulu, na nadhani tuzo ni yako. Wakisikia vifo, watajisikia vibaya, watauliza dhana iko wapi. Sema tu ni utupu. Neno moja."

Neno moja. Kwa neno hilo ningepata cheti na kazi, na ada aliyolipa Khamis isingepotea. Nilimfikiria shangazi yake juu ya ngazi. Sikuwa na hasira. Nilijua tu kwamba hilo neno nikilisema, nitakuwa nimemwambia yule mama kwamba alisimama kwa ajili ya mtindo.

Jopo lilikuwa watu watatu: Bibi Arabella, Mwalimu Colin, na bwana mmoja wa nje mwenye miwani ya rangi ya machungwa. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Tuambie kuhusu utupu huu."

"Si utupu. Mume wangu alifariki Januari. Nilikuwa nimejenga benchi zuri la chuo, likachukua nafasi ya watu, na shangazi yake akakosa pa kukaa. Hiki ni chumba kile kile baada ya kulivunja. Siku za kawaida kina viti. Siku ya msiba kinabeba watu thelathini, na nimewapima."

Bwana wa nje alivua miwani akaifuta, ikawa safi, akaendelea kuifuta. Bibi Arabella aliangalia zulia.

"Na dhana?" bwana akauliza mwishowe, taratibu, kama anayeomba radhi.

"Wakae."

Ndipo Mwalimu Colin akavuta mfano kwake. "Watu thelathini," akasema. "Viatu vyao wapi?"

Nikamwonyesha ukuta wa ukumbini.

"Mlango unafunguka upande gani?"

"Nje. Niliugeuza, ulipokuwa ukifunguka ndani ulikuwa unakula watu wawili."

"Mzee akitaka kuinuka?"

Nikamwonyesha kishikio, kijiti cha kiberiti kilichobandikwa. Akatoa futi yake iliyokatika, akaupima mfano wangu wa kadi wote, kila ukuta mara tatu, chini, katikati na juu, huku wale wawili wakisubiri. Ilichukua muda mrefu.

"Wanaenea," akasema, akaandika.

Tuzo alipata Tristan, kwa jiko la kijivu ambalo ndani yake hapakuwa na jiko. Nilimpigia makofi ya moyoni, kwani ndiye pekee aliyenisaidia kubeba mfano wangu ngazini. Mimi cheti kilikuja kwa posta Julai. Nilikuwa nimefaulu kwa alama ya chini kabisa inayowezekana, na karatasi iliyoambatanishwa ilisema: Vipimo sahihi. Dhana haionekani. Bwana wa kampuni ya nyumba hakuangalia alama. Aliangalia kama kuna muhuri. Septemba nikaanza na flati tatu Wembley, moja ya mama wa Kikongo aliyekuwa na maombi ya watu ishirini kila Alhamisi sebuleni kwake. Mengine mnayajua, mlikuwepo au mmesimuliwa.

Nitaishia Januari iliyofuata, kwenye hitma ya mwaka wa Khamis. Nilitoa magodoro mwenyewe kwa robo saa, nikatandika mikeka, nikarudi jikoni kwenye pilau. Wanawake waliingia kwa makundi, wakavua viatu, wakakaa. Shangazi alikuja na magongo yake, akayaegemeza ukutani, akashuka polepole mpaka chini, akanyoosha miguu. Nilisimama mlangoni na sinia mkononi nikingoja mtu aseme neno juu ya chumba. Hakuna aliyesema. Walikuwa wakigombania nani kaanza Yasini kabla ya wenzake, na nani kambana nani.

Bi Rukia ndiye aliyetazama huku na huku.

"We Zuhura, hicho cheti chako kiko wapi? Nilidhani nitakikuta ukutani, na fremu."

"Kiko kabatini."

"Mbona hujakitundika? Mtu kahangaika vile!"

"Nitatundika wapi? Kuta zote zina migongo ya watu."

Akacheka, akamsukuma wa pembeni yake kwa nyonga, ikapatikana futi moja na nusu ya ukuta. Nikaweka sinia chini, nikakaa.